Mkunga Hang'atuki

4 Februari

Kwako binti wa marehemu kaka yangu,

Sisi huku tunapumua, na kwa umri wangu hiyo ni habari ya kutangaza. Mama yako goti bado linamsumbua lakini ulimi wake ni mzima kabisa. Juzi amemfukuza fundi aliyekuja kuziba bomba la jikoni akaliacha linavuja kuliko alivyolikuta. Mdogo wako amepata kazi kwenye kiwanda cha rangi, anarudi nyumbani na madoa ya kijani mpaka masikioni. Kwangu mimi paa la sebuleni linavuja tena, juu ya lile kochi refu, kwa hiyo wageni nisiowapenda nawakalisha hapo.

Mkwe wangu hajambo? Msalimie.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Simu ni ya kusema nimefika salama. Neno zito linaandikwa, ili kesho mtu asije akakana.

Sasa sikia. Serikali ilileta bungeni muswada wa kuongeza maisha ya bunge kutoka miaka mitano hadi saba. Maana yake sisi tuliokwisha kuvikalia viti tujiongezee miaka miwili bila kurudi kwa waliotutuma. Chama changu kikaamuru wote tuseme ndiyo. Mnadhimu wetu, yule ambaye kazi yake ni kuhakikisha kura zote za chama zinakwenda upande mmoja, akapita kiti kwa kiti. Alipofika kwangu akainama sikioni.

"Mama, hili jepesi. Unasema ndiyo, unakwenda kunywa chai."

Nikamwambia, "Mwanangu, chai nilishakunywa asubuhi."

Kura ilikuwa ya kuitwa. Katibu anataja jimbo, mbunge anasimama, anajibu, anakaa. Upande wetu ikawa ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama bomba la mama yako. Lilipotajwa jimbo langu nikasimama nikasema, "Hapana." Katibu alidhani ulimi umeteleza, akalitaja tena. Nikasema, "Hapana, na masikio yako hayana kasoro."

Muswada umeanguka. Ulihitaji theluthi mbili, ukapungukiwa kidogo tu. Katika chama chetu aliyekataa ni mimi peke yangu.

Tangu siku hiyo nikiingia chumba cha chai cha wabunge, vikombe vinanyamaza. Na uchaguzi ni mwaka huu huu. Wameshaanza maneno: bibi amechoka, bibi apumzike, bibi ang'atuke. Unajua kabla ya siasa nilikuwa mkunga wa zahanati. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, nami naichukua methali hiyo kama mali yangu binafsi.

Baridi ya huko haina adabu. Vaa soksi mbili.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama koridoni, sare ya kazi bado mwilini. Niliposoma maneno uliyomwambia katibu nilicheka mpaka msimamizi wa wodi akatoa kichwa mlangoni. Mimi mzima. Wodi yetu ya wazee imejaa. Kuna bibi mmoja aliyekuwa mwalimu wa muziki, kila nikimpa dawa ananisahihisha matamshi kwanza ndipo anameza. Watoto wanakua, mkubwa amenipita kimo na sasa ananipapasa kichwani kama mimi ndiye mtoto.

Shangazi, nitasema jambo, nawe usinune. Umegombea mara saba. Umeshinda sita, umeanguka moja ukarudi. Hakuna mwanamke wala mwanamume katika nchi ile aliyekaa bungeni muda mrefu kuliko wewe. Ile "hapana" yako ilinipa fahari, lakini kwa nini isiwe ndiyo neno la kufungia? Ondoka ukiwa juu. Nawaona hapa kila siku watu waliokataa kupumzika. Mwili huwapumzisha kwa nguvu, na mwili hauna heshima.

Kaka Wakili alinipigia juzi. Alizunguka kama mtu anayetafuta mlango gizani. Aliuliza afya yako, akauliza kama huwa unasikiliza ushauri wangu. Nikamwambia, "Mama yako? Ushauri?" nikacheka. Yeye hakucheka. Kuna nini huko?

Mbusu mama. Mwambie goti apake ile dawa, asiitunze kabatini kama pambo.

Mwanao wa mbali


19 Machi

Binti yangu,

Sijanuna. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira na ya pili kwa miwani.

Mama yako dawa ameanza kupaka, ila anapaka goti zima na kuliacha bovu, kwa sababu anasema bovu likiguswa linauma. Mdogo wako amepata mchumba. Sijamwona, ila madoa ya rangi yamepungua, kwa hiyo naamini yupo.

Umenitajia wodi nzima mpaka mwalimu wa muziki, lakini mkwe wangu hukumtaja. Nimeona. Sisemi zaidi.

Umeniandikia saba, sita na moja kama matokeo ya mpira. Ngoja nikueleze, maana wewe ulikuwa hujazaliwa au ulikuwa bado unakula udongo. Mara ya kwanza niligombea na mwenye ghala la nafaka. Alisimama mbele ya umati akasema, "Huyu kazi yake kuzalisha. Arudi akazalishe." Nilipopewa zamu nikauliza, "Nani hapa nilimpokea mimi alipokuja duniani?" Mikono ikapanda, mwanangu, ikapanda hadi nyuma kabisa walikosimama vijana wake aliowaleta kwa lori. Nikamgeukia: "Umeona? Hawa wote waliniona mimi kabla hawajaliona ghala lako." Alishindwa mchana kweupe.

Mara ya pili hakutokea mtu wa kushindana nami. Ya tatu alitokea mmoja, akashindwa kwa kura akanipeleka mahakamani, akashindwa na huko. Ya nne ndiyo waliyoniangusha. Wakamchagua mwenye timu ya mpira. Niliumia, ndiyo, nikala chumvi ya machozi siku mbili tatu, kisha nikavaa aproni yangu nikarudi zahanati. Wanawake wakija kujifungua wananikuta, tunazungumza uchungu unapopungua. Hapo ndipo niliposikia habari za wajane wanaofukuzwa kwenye nyumba walizojenga na waume zao. Uchaguzi uliofuata nikarudi na jambo moja tu mdomoni, na sheria ya wajane ikapita, na wewe mwenyewe unajua mama yako anaishi kwenye nyumba gani na kwa nini hakuna shemeji aliyethubutu kumgusa.

Kwa hiyo usiniambie kuondoka nikiwa juu. Kiti kile si ngazi. Wakitaka nitoke, waliotuma watume mwingine. Lakini kutolewa kwa sababu nilikataa kuwaibia watu miaka miwili, hilo sitolewi.

Wakili ni mzima. Ana kazi nyingi.

Shangazi yako


11 Mei

Binti yangu,

Natumaini barua hii itatangulia uvumi. Mama yako yupo, nyumba ipo, paa limezibwa na kuvuja kwingine.

Chama kimefuta kura za maoni katika jimbo langu. Wanachama hawataulizwa. Makao makuu wameamua wenyewe, wakaniletea taarifa kwa kijana wa pikipiki ambaye hata hakuvua kofia ya chuma. Wamemweka mtu wao. Ni msomi, anavaa vizuri, anazungumza kwa mpangilio. Jina lake utalisikia, mimi sitaliandika.

Siku ya pili nilikwenda tume ya uchaguzi kuchukua fomu ya mgombea binafsi. Afisa wa pale akaniambia kwa upole alama nzuri zote zimechukuliwa. Simba amekwenda, taa imekwenda, jua limekwenda. Zilibaki kiatu, mwavuli na sufuria. Nadhani alitegemea nitaona haya. Nikamwambia, "Nipe sufuria."

Leo wanawake wa sokoni wamepita mtaa wa maduka wanapiga sufuria zao kwa miko, polisi hawajui wazuie nini. Ni kosa gani mtu kubeba chombo chake? Mwenye duka la vyombo anasema hajawahi kufanya biashara kama hii tangu afungue.

Wanasema mkataa pema pabaya panamwita. Nasema waniitie hapo pabaya, nitakwenda kwa miguu yangu.

Mkwe wangu je?

Shangazi yako


6 Juni

Shangazi, shikamoo.

Wazima wote. Sina habari za kupamba leo.

Mama ameniambia. Alinipigia analia, nikadhani kuna msiba. "Mtu wao" ni Kaka Wakili. Mwanao wa kumzaa, Shangazi! Umeniandikia habari za viatu na miavuli, ukanieleza mavazi yake na mpangilio wa maneno yake, ukashindwa kuniambia kuwa ni yule uliyemnyonyesha?

Nilimpigia. Nilikuwa nimepandwa na hasira hata salamu sikutoa.

Nikamwambia, "Unamfanyia nini mama yako?"

Akasema, "Namkinga."

"Na nani?"

"Na hao hao. Ningekataa mimi wangemweka mtu mwingine. Unajua wangemtukana vipi? Wangetafuta kila kosa la miaka yote. Mimi sitamtukana. Mama ataondoka kwa heshima, kiti kitabaki nyumbani."

"Kiti si kabati la urithi, Kaka."

Akasema, "Wewe uko mbali. Ukiwa mbali kila kitu kinaonekana kimenyooka." Akakata simu.

Sijui nimwonee huruma au nimlaani. Labda kwa kweli anaamini anayoyasema. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Na kwa kuwa nimekukaripia kwa kuficha, nami nisifiche. Baba watoto tumeachana tangu mwaka jana. Alitaka niache kazi nikae nyumbani, nikakataa, akasema basi nichague, nikachagua. Sikuandika kwa sababu nilijua wewe pekee hutanilaumu, nami nilitaka kwanza nilaumiwe na mtu nimalize.

Sitakuambia tena upumzike. Wapigie sufuria.

Mwanao


30 Juni

Binti yangu,

Pole, na hongera. Maneno hayo mawili huwa hayaandikwi pamoja, lakini nimeyaangalia yote mawili nikaona yanakufaa. Alikutaka uchague, ukachagua. Asilalamike, jibu alilisikia kwa masikio yake. Nilindie wajukuu wangu. Mama yako sijamwambia, utamwambia mwenyewe akiwa amekaa.

Umenikamata. Sikuliandika jina lake kwa sababu kalamu ilikataa. Nilijaribu.

Alikuja nyumbani Jumapili moja mchana, kabla hata ya yule kijana wa pikipiki. Alibisha hodi, mwanangu. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ile, akabisha hodi akangoja nje. Nilipofungua akaingia akakaa kwenye lile kochi refu, chini ya paa linalovuja, nami nikajua kabla hajasema.

"Mama, wamenipendekeza mimi."

"Nawe umewaambia nini?"

"Nimekubali."

Nikamuuliza, "Ule muswada wakiurudisha, utasemaje?"

Akaangalia mikono yake. "Tutavuka mto tukiufikia."

Nikamwambia, "Wakili, watu hawamtumi mtu akavukie mbele ya safari. Wanamtuma kwa sababu wanajua atavuka vipi." Akasimama kuaga. Nikamfungia chakula achukue, akachukua. Nasi ndivyo tulivyo, tunagombana na mikono inaendelea na kazi yake.

Wiki iliyopita tulikuwa jukwaa moja, mdahalo wa wagombea katika ukumbi wa shule. Umati umejaa mpaka madirishani. Akaja, akainama mbele ya watu wote: "Shikamoo, Mama." Ukumbi ukacheka, wengine wakapiga makofi, wakaona huyu kijana ana adabu.

Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu. Sasa kaa, mama azungumze na watu."

Hapo kicheko kikahama upande. Lakini aliposimama yeye alizungumza vizuri. Barabara, maji, ajira za vijana, kila kitu kimepangwa. Nilijikuta natikisa kichwa kukubali, ikabidi nijifinye. Mzee fundi saa aliyekaa mbele akauliza swali moja tu: "Wote wawili, muswada wa miaka saba?" Mimi nikasema hapana kabla hajakaa. Yeye akasema suala hilo linahitaji mjadala mpana. Sufuria zililia mpaka mwalimu mkuu akaomba amani.

Kesho nakwenda kata za mlimani. Miguu inauma, sauti imekauka, na sijawahi kujisikia mzima hivi.

Shangazi yako


25 Agosti

Shangazi,

Uchaguzi umepita na sijasikia neno. Mama hapokei simu, mdogo wangu anasema "ongea na Shangazi". Redio za huku hazina habari zetu, kwao sisi hatupo. Nimemhudumia mgonjwa leo nikamwita "Shangazi" bila kujua, akafurahi.

Niandikie hata mstari mmoja. Liwe lolote.

Mwanao


9 Septemba

Binti yangu,

Nimeshindwa.

Nilitaka kukuandikia mapema, lakini kila nilipoanza niliona naandika visingizio, na mimi visingizio nimevisikia vya kutosha kwa watu wengine. Watu walinishika mkono: nenda mahakamani, omba zihesabiwe tena. Nilizipitia karatasi na mawakala wangu kituo kwa kituo. Sikuibiwa. Mjini nilishinda, sokoni nilishinda vibaya sana. Kule mlimani hawakunichagua. Mama mmoja wa kule, niliyempokelea watoto watatu, alinishika mkono akaniambia usoni: "Mama, tunakupenda. Lakini wewe na chama mmegombana, na barabara inaletwa na chama. Sisi tunataka barabara." Utamjibu nini mtu mwenye wagonjwa wanaobebwa kwa machela?

Mara saba imekuwa mara nane, sita imebaki sita, na moja imekuwa mbili. Andika hivyo kwenye matokeo yako ya mpira.

Msimamizi wa uchaguzi alipotangaza, wapiga picha wakajaa mbele. Akaniambia, "Mama, tafadhali, mnyanyue mshindi mkono, picha ya umoja wa familia." Wakili amesimama pembeni yangu, jasho linamtoka, mkono wake umelegea kama wa mtoto anayengoja kuvalishwa shati.

Nikasema, "Mkono ni wake. Aunyanyue mwenyewe."

Nikateremka. Kuna waliosema nina roho mbaya, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimekubali kushindwa. Sikukubali kupamba.

Nyumbani nilikaa jikoni na mama yako tukamenya viazi. Tulimenya vingi mno. Majirani wote wamekula.

Shangazi yako


4 Oktoba

Shangazi yangu,

Nimelia, kisha nikacheka kwa ajili ya viazi. Mama sasa anajua habari zangu. Alisema, "Alikuwa anakula kwa sauti yule," ndiyo ikawa hukumu yake yote.

Nimepandishwa kazi, sasa mimi ndiye msimamizi wa wodi. Siku ya kwanza nimepinga ratiba mpya iliyotaka muuguzi mmoja alinde vyumba vyote. Mkurugenzi akaniuliza nimejifunza wapi ukaidi. Nikamwambia ni wa ukoo, upande wa baba.

Sasa jambo. Mdogo wangu amesikia kuwa muswada unarudi, katika bunge hili hili jipya, kikao cha kwanza. Wewe huna kura tena. Utafanya nini? Nimempigia Kaka Wakili mara nyingi. Simu inaita, inaita, inakatika.

Mwanao


22 Novemba

Binti yangu,

Angalia muhuri wa posta. Sipo nyumbani. Niko makao makuu ya nchi, katika fleti ya mbunge wa jimbo letu, na mwenye fleti hakunialika.

Nilipanda basi siku ya muswada nikafika kabla kikao hakijaanza. Nikakaa jukwaa la wageni, kule juu ambako mgeni haruhusiwi hata kukohoa kwa maana. Kwa miaka yote ile sikuwahi kukaa pale. Ukumbi ukiuona kutoka juu unaona vipara vyote.

Wanapiga kura mara mbili kwa muswada wa namna hii, na katikati wanapeana wiki kadhaa za kutafakari. Hii ilikuwa ya kwanza. Katibu akataja jimbo letu. Wakili akasimama. Sauti haikutoka. Spika akasema, "Mheshimiwa, hatukukusikia." Akasema, "Ndiyo." Nikasimama. Sikupanga, miguu ilitangulia. Nikasema kwa sauti yangu ya wodi ya wazazi, ile ya kumwambia mtu asukume: "Jimbo lile halikusema hivyo!"

Askari wa bunge wakaja. Mmoja tunajuana tangu akiwa mwembamba. Akanishika kiwiko taratibu: "Mama, sheria ni sheria." Nikamwambia, "Najua, mwanangu, nyingine nimezitunga mimi. Nitoe."

Kura ile ya kwanza ikapita.

Sasa ningekwenda wapi? Nikaenda kwenye fleti za wabunge. Mlinzi akanifungulia geti kwa mazoea. Wakili aliporudi akanikuta jikoni kwake nimevaa aproni.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kukaa na mwanangu mpaka kura ya pili."

"Na nikisema huwezi?"

"Sema. Sasa hivi nimeona jinsi unavyosema neno usilolitaka."

Hakusema. Basi kila asubuhi tunakula mayai na tunajadili muswada. Ananiletea vifungu, namletea watu. Anasema, "Nikipinga wananifukuza." Namwambia, "Mimi walinitupa, na bado nakula mayai yako." Siku nyingine tunapiga kelele mpaka jirani, mbunge wa upinzani, anagonga ukuta, nami namjibu kwa kugonga.

Jana akaweka uma chini. Akasema, "Unajua kwa nini nilikubali kugombea? Nilipokuwa mdogo nyumba ilijaa watu asubuhi mpaka jioni. Kila mtu alikuita Mama. Mimi nilikuwa napanga foleni kama wao. Nilikuwa mpiga kura wako tu, tena asiye na umri wa kupiga kura. Nikasema labda nikiwa kwenye kile kiti utaniangalia."

Mwanangu, mimi nina jibu la kila kitu. Hilo sikuwa nalo. Akaondoka kwenda kazini, nami nikakaa pale meza haijaondolewa vyombo, na leo ndiyo nakuandikia.

Siondoki. Lakini leo asubuhi hatukuzungumzia muswada. Nimemuuliza habari zake, tangu mwanzo, naye amezungumza mpaka amechelewa kikao.

Shangazi yako


18 Desemba

Shangazi,

Nimesoma barua yako kwenye kiti cha ofisi yangu mpya, mlango nimeufunga. Sina la kukushauri. Kaka alinitumia ujumbe, wa kwanza tangu Juni: "Mama anapika chumvi nyingi." Nikamjibu, "Kula." Akajibu, "Nakula."

Niambie imekuwaje.

Mwanao


27 Januari

Binti yangu,

Huku wazima. Mdogo wako amemleta mchumba, ni fundi wa umeme, amekagua nyaya za mama yako zote na kumwambia ameponea chupuchupu miaka kumi. Amekubalika papo hapo.

Imekuwa hivi. Siku ya kura ya pili Wakili alivaa tai akaivua, akavaa nyingine akaivua. Mimi jukwaani nimepigwa marufuku, kwa hiyo nilibaki kwenye fleti na redio. Kabla hajatoka nilimwambia, "Usiseme neno kwa ajili yangu. Nikikuangalia kwa sababu ya kura, nitakuwa nimekufanya mpiga kura tena." Akaniangalia, akatoka.

Katibu akataja jimbo. Safari hii sauti ilitoka mara moja. "Hapana. Na nitaeleza." Spika akasema hakuna nafasi ya maelezo. Akaeleza. Wakamzimia kipaza sauti, akaendelea bila hicho, nikawa nasikia kwa mbali sauti ya mtoto wangu inapambana na nyundo ya Spika. Nyuma yake wabunge vijana wanne wa chama kile kile wakasema hapana, mmoja baada ya mwingine. Theluthi mbili haikupatikana. Usiku jirani aliporudi kutoka bungeni akagonga ukuta, nikagonga.

Chama kikamfukuza siku ya tatu. Na sheria yetu inasema mbunge akifukuzwa na chama kilichomsimamisha, kiti kinakuwa wazi. Kwa hiyo jimbo letu lina uchaguzi mdogo, mwezi Machi. Chama kimeshaleta mwingine, mwenye timu ya mpira, yule yule.

Jumatatu nikaenda tume kuchukua fomu ya mgombea binafsi. Nafika koridoni namkuta Wakili amekaa kwenye benchi, naye anangoja kuchukua ya kwake. Tukatazamana.

Akasema, "Mama, si juzi uliniambia sasa nimestahili kiti hiki?"

"Nilisema."

"Na hapa unafanya nini?"

Nikakaa pembeni yake, nikanyoosha gauni. "Nilisema umestahili kukigombea. Sikusema nakuachia."

Alicheka, binti yangu. Alicheka kwa sauti mpaka afisa akatoka kuangalia, na mimi nikamwangalia mwanangu anavyocheka, nikamwangalia mpaka akamaliza. Kisha afisa akauliza nani anaanza kuhudumiwa.

Shangazi yako, mgombea kwa mara ya tisa